Kijana Aliyefika Madyan Bila Kitu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyemkuta Mtume wake yatima akampa makazi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanachuo, wake kwa waume,

Muhula unakaribia kwisha. Wiki mbili kabla ya likizo mazungumzo ya mabwenini hubadilika: nani anapanda basi la saa ngapi, nani ametumiwa nauli, nani anaombwa na mama yake apitie sokoni. Na katika mazungumzo hayo yupo mmoja anayecheka pamoja na wenzake, na akiulizwa anaondoka lini husema ana kazi kidogo hapa, atabaki. Mwaka wa kwanza tunamwamini. Mwaka wa pili tunashangaa kidogo. Mwaka wa tatu tumeshazoea, hatuulizi tena.

Wengine wanaobaki kweli wana kazi. Lakini wapo wasio na pa kwenda. Walilelewa katika nyumba za watu: kwa ami, kwa shangazi, kwa jirani aliyewachukua baada ya mazishi, kwa familia iliyokabidhiwa mtoto asiye na kwao. Kisha siku moja, wakiwa na miaka 15 au 16, walitoka katika nyumba hiyo alfajiri na begi la shule mgongoni wasirudi. Walishuka katika mji mdogo wasikomjua mtu. Aliyewapokea huko hakuwa ndugu. Alikuwa mwenye mgahawa, au fundi cherehani, au imamu wa msikiti wa bati, na kwa mlango huo wakamaliza sekondari mpaka wakafika hapa tulipo.

Nataka niseme nao leo, na niseme na sisi tunaoishi nao. Sikupata kisa kinachowahusu zaidi ya kile tulichozoea kukisoma kwa ajili ya bahari kupasuka na fimbo kugeuka nyoka, tukapita mbio sehemu yake ya katikati. Sehemu hiyo ni aya saba tu za Surat Al-Qasas, kuanzia ya 22 hadi ya 28. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo.

Nabii Musa (A.S.) alikuwa mtoto wa kulelewa. Hatulisemi hivyo mara nyingi, labda kwa sababu nyumba iliyomlea ilikuwa kasri. Mama yake alimtia mtoni kwa amri ya Mola wake, kwa kuwa watoto wa kiume wa Bani Israili walikuwa wakichinjwa. Watu wa Firauni wakamwokota. Mke wa Firauni, Bi Asia, akamwombea asiuawe, akasema huenda akawafaa au wakamfanya mtoto wao. Mtoto akakataa maziwa ya kila mnyonyeshaji mpaka dada yake, aliyekuwa akimfuatilia kwa mbali, akawaonesha nyumba ya kumnyonyesha. Na nyumba hiyo ilikuwa ya mama yake mwenyewe. Basi Musa alikuwa na mama wawili. Mmoja alimzaa na kumnyonyesha, mwingine alimwokoa na kumpa paa. Qur'ani haimdharau hata mmoja wao. Yule wa kwanza Allah alimtuliza moyo, na yule wa pili ametolewa kuwa mfano kwa walioamini katika Surat At-Tahrim. Mwenye kulelewa asione haya kuwapenda wote wawili.

Tatizo la nyumba ile halikuwa chakula. Mtoto alikula akashiba, akasoma, akakua. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba alikuwa dhalimu, na waliodhulumiwa walikuwa ndugu wa damu wa yule mtoto aliyekaa mezani kwake. Kijana anaweza kuishi miaka mingi katika hali kama hiyo bila kuipa jina, mpaka siku moja jambo linatokea. Kwa Musa lilitokea mjini, wakati watu wameghafilika. Aliwakuta watu wawili wanapigana, mmoja wa kabila lake na mmoja wa maadui. Yule wa kwake akamwomba msaada. Musa akampiga adui ngumi moja, na yule mtu akafa.

Hakukusudia kuua. Akajua hapo hapo kwamba ile ilikuwa kazi ya shetani, akaomba maghufira, na Allah akamsamehe. Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu mpangilio wa aya una maana. Msamaha umetajwa katika aya ya 16. Kukimbia kumetajwa katika aya ya 21. Yaani alipokuwa akitoroka usiku na mchana, akigeuka nyuma kila hatua kwa hofu, alikuwa mtu ambaye tayari amesamehewa na Mola wake. Serikali ilikuwa inamtafuta na jina lake lilikuwa limeharibika mjini, lakini mbinguni jambo lake lilikwisha. Wewe uliyetoka katika nyumba ya watu ukiwa na kosa lako mkononi, labda ulivunja kitu, labda ulijibu vibaya, labda ulichukua nauli bila ruhusa, haki ya mtu irudishe utakapoweza. Lakini usidhani kwamba macho ya walezi wako na macho ya Mola wako ni kitu kimoja.

Alipotoka hakuwa na ramani. Mtu mmoja alikuja mbio kutoka upande wa mbali wa mji, akamwambia wakubwa wanashauriana wamuue, na kumnasihi aondoke. Qur'ani haikumtaja mtu yule kwa jina, na baadaye hatumsikii tena katika safari. Wapo watu wa namna hiyo katika maisha ya kila aliyetoroka: jirani aliyefungua geti, mwalimu aliyetoa elfu mbili ya basi. Musa akauelekeza uso wake upande wa Madyan, akitaraji tu kwamba Mola wake atamwongoza njia iliyo sawa.

Madyan ilikuwa kaskazini-magharibi ya Bara Arabu, karibu na Ghuba ya Aqaba, katika sehemu ambayo leo ni mkoa wa Tabuk nchini Saudi Arabia. Kutoka Misri ni kuvuka jangwa la Sinai. Wafasiri wanasimulia kwamba njiani alikula majani ya miti. Fikirini kijana aliyelelewa kwa vitambaa laini vya kasri, anafika penye kisima cha wachungaji, miguu imechubuka, tumbo limeshikana na mgongo. Na huo ndio mji wake mdogo. Hauna kasri wala jeshi. Una kisima, mifugo, na watu wanaogombania zamu ya maji.

Alikuta kundi la wanaume wananywesha wanyama wao, na kando wanawake wawili wanazuia mbuzi na kondoo wao wasisogee. Akawauliza wana nini. Wakamjibu kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji wale waondoke, na baba yao ni mzee sana.

Angalieni ni nani aliyeuliza. Wenyeji wote pale kisimani walikuwa wanawaona wale mabinti kila siku, na kila siku waliwaacha wangoje. Aliyeuliza "mna nini" alikuwa mgeni mwenye njaa, aliyefika muda ule ule. Kuna jambo ambalo waliolelewa kwa watu wanalijua kuliko sisi wengine: wanajua kuona mtu aliyesimama kando. Wamesimama kando miaka mingi. Macho yao yamezoea. Musa aliwanyweshea wanyama wao, kisha hakubaki akisubiri asante. Akaenda kivulini.

Hapo kivulini aliomba dua ambayo wengi wetu tunaihifadhi na tunaisoma tunapotafuta mchumba au ajira, na hakuna ubaya. Lakini tuikumbuke ilikotoka. Aliiomba mtu asiye na nyumba. Katika dua hiyo hakutaja kitu maalumu. Hakusema naomba chakula, wala naomba pa kulala, wala naomba Firauni aangamie. Alisema tu kwamba yeye ni fakiri, mhitaji wa kheri yoyote ambayo Mola wake atamteremshia. Mtu aliyechoka sana hata hajui aombe nini kwanza. Allah anaijua dua ya namna hiyo.

Na jibu likaja likitembea kwa miguu. Mmoja wa wale mabinti alimjia, mwendo wake wa haya, akamwambia baba yake anamwita ili amlipe ujira wa kuwanyweshea. Ninapenda sana jinsi mwaliko huu ulivyotolewa. Mzee angeweza kusema mwiteni yule maskini tumpe chakula. Alisema ana deni kwake. Kijana akaingia katika nyumba ile kama mtu anayedaiwa shukrani, kichwa chake kikiwa juu. Sisi katika jumuiya zetu tuna mfuko wa kusaidiana, na Allah awalipe kheri wanaouchangia. Lakini mara ngapi tumesoma majina ya wanaosaidiwa mbele ya watu, au tumewapiga picha wakipokea gunia la mchele, tukaiweka kwenye kundi la WhatsApp? Mzee wa Madyan asingefanya hivyo.

Kisha ikaja aya ya 25, na hapo ndipo penye uzito wa kisa kizima. Musa alipofika kwa mzee, alimsimulia habari zake. Zote. Mtu aliyekufa, kasri, kutoroka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia asiogope, ameokoka na watu madhalimu.

Ndugu zangu, nimeketi na vijana kadhaa wa aina hii katika vyumba vya mabweni, na wengi wao wananiambia jambo moja. Walipojaribu kumsimulia mtu mzima, mtu yule hakungoja wamalize. Alisema: rudi ukaombe radhi, walezi ni walezi. Au: wewe pia una makosa yako. Au aliinua simu hapo hapo akawapigia walezi. Simulizi ikaishia katikati, na kijana akajifunza kutosema tena. Ndiyo maana leo anasema ana kazi kidogo hapa.

Sisemi kwamba kila anayetoroka ana haki. Wapo wanaokimbia kuamshwa Subuhi na kukatazwa kurudi nyumbani usiku wa manane, na nyumba waliyoitoroka ilikuwa nyumba ya rehema. Huwezi kulijua hilo bila kusikiliza mpaka mwisho. Na ukishasikia kwamba pale palikuwa na kipigo cha kuvunja mfupa, au mtu mzima aliyekuwa akiingia chumbani kwa msichana usiku, usimtafutie mdhalimu jina zuri. Mzee hakusema watu wale walikuwa wakali kidogo. Alisema ni madhalimu, na neno hilo moja lilimwondolea kijana hofu kuliko chakula chote alichokula jioni ile. Huyo usimrudishe alikotoka. Akiwa hajatimiza miaka 18 mfikishe kwa mtu mzima mwaminifu na kwa mamlaka zinazolinda watoto, na ufuatane naye. Na kama ni msichana, makazi yake yawe katika nyumba ya familia, mikononi mwa kina mama, si katika chumba cha kijana wa kiume mwenye nia njema. Nia njema zina mitihani yake.

Baada ya kusikilizwa, yakafuata mambo ambayo sisi husahau tunapozungumzia ukarimu. Binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Nguvu waliiona kisimani. Uaminifu waliuona katika mwenendo wake. Maneno hayo yanahusu yale waliyomwona nayo mikononi mwao wenyewe, na hawakwenda Misri kuuliza ukoo wake una nini.

Mzee akaweka mkataba wazi: atamwoza mmoja wa binti zake, na Musa atamtumikia miaka minane, akitimiza kumi ni hiari yake, na mzee akaongeza kwamba hataki kumtia mashaka. Musa akajibu kwamba hayo ni baina yao wawili, na muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili asidhulumiwe, na Allah ni wakili juu ya wanayoyasema. Kwa nini mkataba, na mtu ameshakaribishwa kwa mapenzi? Kwa sababu kijana aliyelelewa kwa watu anaijua vizuri sana kazi isiyo na mkataba. Amechota maji kabla ya jua kutoka, amefua nguo za watoto wa nyumba, amelala jikoni, na kila alipouliza kuhusu ada ya shule aliambiwa wewe si ndiyo nyumbani hapa? Neno nyumbani lilitumika kumnyima haki. Mzee wa Madyan aliepuka hilo. Alitaja miaka kwa hesabu, akaacha hiari mahali pake, akasema kwa ulimi wake kwamba hataki kumbebesha mzigo. Ukimpokea kijana dukani kwako au nyumbani kwako, mwambie mapema atalala wapi, atasoma vipi, atalipwa nini, na atakuwa huru lini. Hilo halipunguzi mapenzi hata kidogo.

Jina la mzee huyo Qur'ani haikulitaja. Wengi husema ni Nabii Shu'ayb (A.S.), na wanachuoni wametofautiana juu ya hilo. Kuhusu miaka, imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba Ibn Abbas aliulizwa Musa alitimiza muda upi, akasema ule mrefu zaidi. Miaka 10. Aliyefika bila kitu akatoa miaka miwili ya ziada ambayo hakudaiwa.

Katika miaka hiyo alikuwa mchungaji. Mwana wa kasri akachunga kondoo wa mkwe wake, katika mji ambao watu wa Misri pengine hawakuufikiria hata siku moja. Mtu angesema maisha yake yamepotea. Lakini someni Surat Taha. Alipokuwa penye moto wa Tur, Mola wake alimwuliza kilichomo mkononi mwake, naye akasema ni fimbo yake, anaiegemea na kuwaangushia majani kondoo wake. Ni fimbo ya mchungaji; matumizi yake ni ya malishoni, si ya kasri. Hiyo ndiyo iliyokuja kupiga bahari. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 40, Allah anapomhesabia Musa neema alizompa tangu utotoni, anaitaja miaka aliyokaa pamoja na watu wa Madyan, kisha anasema alikuja kwa kadari. Miaka ya mgahawani, ya cherehani, ya kufagia msikiti wa bati, Mola wako ameihesabu.

Kuna jambo jingine, gumu kidogo, na sitaki kulikwepa. Musa alirudi. Allah alimtuma kwa Firauni yule yule, naye akaambiwa yeye na ndugu yake waseme naye maneno laini. Aliporudi, neno la kwanza ambalo Firauni alimtupia lilikuwa lile ambalo kila aliyelelewa kwa watu analiogopa. Limo katika Surat Ash-Shu'araa, aya ya 18: je, hatukukulea kwetu ulipokuwa mtoto, ukakaa kwetu miaka mingi ya umri wako? Akaongeza na lile kosa la zamani, la mtu aliyekufa.

Kwa Kiswahili chetu hayo ni masimango. Nilikulisha, nilikuvisha, nilikulipia, leo unanijibu. Musa alijibu vipi? Kosa lake alilikubali bila kujitetea sana. Alisema alilifanya wakati alipokuwa miongoni mwa waliokosa. Kisha akaligeukia lile la malezi: hiyo ndiyo neema unayonisimbulia, kwamba umewatia utumwani Bani Israili? Yaani, nisingefika katika nyumba yako kama usingekuwa unawaua watoto wa nyumba yetu. Alijibu kwa adabu, bila kutukana, na bila kukubali kwamba chakula alichokula utotoni kimenunua ulimi wake. Mwenye kulea na akasimanga, Allah amekwisha kumwonya katika Surat Al-Baqara, aya ya 264, kwamba masimbulizi na maudhi hubatilisha sadaka. Naye aliyelelewa, akumbuke kuwa Bi Asia alikuwamo katika nyumba ile ile. Katika nyumba nyingi zilizotuumiza alikuwamo mtu mmoja aliyetufunika shuka. Huyo ana haki ya salamu, hata kwa simu.

Hapa kwetu Rwanda jambo la kulea mtoto wa mwingine si geni. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, maelfu ya watoto walibaki bila wazazi, na familia nyingi zilizokuwa na kidogo ziligawana kidogo hicho. Tangu mwaka 2013 upo mpango wa Tubarerere mu Muryango, wa kuwatoa watoto katika vituo na kuwapeleka katika familia, na wapo walezi wa kujitolea wanaoitwa Malayika Murinzi. Waislamu wamo miongoni mwa walezi wa nchi hii, na wanaofanya vizuri tuwaombee dua kwa majina yao.

Na sisi wenyewe, jumuiya ya Waislamu wa miji hii, tumetokana na nini? Biryogo na Nyamirambo hapa Kigali, Buyenzi kule Bujumbura: hii ni mitaa iliyokuzwa na watu waliotoka mbali na koo zao, wafanyabiashara, wapagazi, askari, mafundi, kutoka pwani, kutoka Kongo, kutoka vilima vya hapa hapa. Mtu aliingia Uislamu, akajifunza Kiswahili, akaitwa Muswahili, akawa na jirani wa kumzika. Mitaa yetu ni Madyan za watu wengi. Haitupasi leo kumwuliza kijana wewe ni mtoto wa nani kwa sauti ya kumfungia mlango.

Wala hatumtaki aufute ukoo wake ndipo awe wetu. Zayd bin Haritha (R.A.) alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafika katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), akampenda hata baba yake alipokuja kumkomboa alichagua kubaki. Watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Kisha ikashuka aya ya 5 ya Surat Al-Ahzab, na kuamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao ni ndugu katika dini. Akarudi kuwa Zayd bin Haritha, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Aliendelea kumkabidhi majeshi, hadi alipokufa shahidi Mu'ta akiwa ameshika bendera. Basi asiyejua hata jina la baba yake tayari amepewa jina na Qur'ani. Ni ndugu yetu.

Sasa turudi kwenye likizo hii. Nimezungumza na amiri na amira wa jumuiya. Aliye na kitanda kimoja cha ziada kwao, na wazazi wake wameridhia, awaandikie wao wawili: ni wapi, kwa siku ngapi, na kama mgeni atakuwa wa kiume au wa kike. Asiye na pa kwenda amwendee amiri, na dada amwendee amira, peke yake, wakati wowote kabla ya Ijumaa ya mwisho ya muhula. Hakuna orodha itakayosomwa msikitini wala kutumwa kwenye kundi. Atakayeulizwa habari zake ataulizwa mara moja, na mtu mmoja, na ataachwa amalize. Na kwa kuwa madarasa ya watoto katika msikiti wa hapa yanahitaji walimu wakati wa likizo, wale watakaochagua kubaki chuoni wamepangiwa zamu za kufundisha kwa ujira, kwa makubaliano ya maandishi, nusu ya malipo ikitolewa mwanzoni.

Ewe Mola, wateremshie kheri wote wenye kuihitaji waliokaa kivulini leo. Wabillahi tawfiq.